Kikundi cha mtandaoni cha watu kama sisi: nitajuaje walio ndani ni wa kweli? (niko Mumias)

Kijana_wa_Miwa:

Wenzangu, naomba mawazo, hasa kutoka kwa mtu aliyewahi kuwa ndani ya vikundi hivi.

Niko Mumias, umri miaka 23, nauza kwenye duka la mbegu na dawa za mifugo. Napenda wanaume wenzangu na nyumbani hawajui. Naishi na binamu yangu, chumba kimoja cha kupanga, kitanda chake huku, godoro langu kule, na soketi ni moja tu, iko upande wake. Simu yangu ikiwa kwenye chaji, ujumbe ukiingia usiku anauona kabla yangu.

Tangu mwezi wa nne usingizi umenikimbia. Nalala saa nne, saa nane niko macho natazama mabati mpaka muadhini aite. Chakula nakula kwa sababu kimewekwa mbele yangu. Dukani nimeanza kukosea chenji. Nilikuwa na mtu, akapata kazi Qatar, tukaachana kwa simu, na sina hata mmoja wa kumwambia kwamba nimeachwa. Binamu yangu alipoachwa na msichana wake, marafiki walimnunulia bia wiki nzima. Mimi nimeomboleza huku nauza dawa ya kupe.

Hospitali nilijaribu. Ni hospitali moja ya huku, jina niacheni nalo. Mshauri wa pale aliniuliza vizuri kabisa mpaka tukafika kwenye sababu. Hapo akafunga faili, akauliza nasali kanisa gani, akataka namba ya mchungaji wangu. Sikumpa. Lakini hadi leo nikimwona sokoni nazungukia nyuma ya vibanda vya mitumba.

Sasa kuna mtu tumejuana Facebook, anasema yuko Kisumu na ana kikundi cha WhatsApp chenye watu zaidi ya mia mbili, "hata daktari wa akili yumo". Ili niingie anataka picha ya uso wangu, kitambulisho mbele na nyuma, na shilingi mia tano za usajili. Anasema ni kwa usalama wa wote. Picha ya kitambulisho nimeshaipiga, sijaituma.

Hivyo ndivyo vikundi vinavyofanya? Na kuongea na mshauri kwa simu kunasaidia kweli au ni kumaliza bando? Tena akishanijua, anaweza kunipeleka polisi? Habari ya Edwin Chiloba, yule mwanamitindo na mtetezi wa watu kama sisi aliyekutwa amekufa ndani ya sanduku la chuma kule Uasin Gishu Januari 2023, haijanitoka. Kukhu, yaani bibi yangu, aliisikia redioni nikiwa pale pale namenya viazi, na aliyoyasema siwezi kuyaandika hapa.

Boda_wa_Malaba:

Usitume. Futa hiyo picha sasa hivi, ukimaliza ingia kwenye folda ya vilivyofutwa ufute tena.

Geuza kitambulisho chako uangalie nyuma. Vile vya zamani vina wilaya, tarafa, lokesheni na lokesheni ndogo. Yaani akishakipata anajua hadi chifu wako ni nani. Mia tano ni chambo tu, hana shida nayo. Rafiki yangu aliingia hivyo hivyo. Wiki ya kwanza "tuma elfu mbili ama picha zinaenda kwa kikundi cha ukoo wenu". Akatuma. Wiki iliyofuata ikawa elfu tano. Ukilipa mara moja umewaonyesha tu kwamba uko na pesa na uko na hofu, na hivyo viwili ndivyo walikuwa wanatafuta.

Nyar_Manyatta:

Mdogo wangu, pole. Pole ya kuachwa kwanza, hayo mengine tutayafikia. Naona hakuna aliyekupa, basi pokea yangu.

Mimi ni mmoja wa wanaosimamia kikundi cha kuzungumza. Wengi wetu tuko Kisumu, wengine Siaya, Vihiga, hadi Bungoma. Jina lake siliandiki hapa, na ukiona mtu anatangaza la kwake hadharani na namba chini yake, mpite. Ukurasa huu unasomwa na kila aina ya mtu.

Kilichonifanya niandike ni hiyo "zaidi ya mia mbili". Watu wanasifia vikundi kwa wingi. Mimi nina swali moja tu: saa nane usiku mtu akiandika kwamba amechoka kuishi, nani yuko zamu? Ukijibiwa "sisi sote tupo", jua hakuna mtu. Atatumiwa emoji za mioyo na mikono ya kuomba mpaka kioo kijae, na hakuna hata mmoja atakayempigia. Nimeyaona hayo kwa macho yangu katika kikundi kikubwa cha Nairobi: asubuhi watu waliamka wakakuta ujumbe wa kijana wa watu umefunikwa na matangazo ya nguo. Alikuwa mzima, kwa neema tu.

Sisi tumejizuia, hatuzidi arobaini. Kila usiku una mtu wake, na jina lake la kikundi linabandikwa juu kabla ya saa moja jioni. Hatoi ushauri huyo, wala maandiko, wala hadithi ya jinsi yeye alivyopona. Anapiga simu. Anauliza uko wapi, uko na nani, kuna kitu karibu nawe unachofikiria kukitumia. Anauliza hivyo hivyo waziwazi, maana kumuuliza mtu habari ya kujiua hakumtii wazo kichwani, kunampa ruhusa ya kulitoa. Halafu anakaa kwenye laini mpaka mtu wa karibu amfikie au mshauri apokee. Aliyekesha hivyo kesho yake hapewi zamu, hata akiomba. Tulilazimika kuliweka hilo kuwa sheria kwa sababu wasimamizi nao ni watu, na wale wenye moyo mwepesi ndio wanaokuwa wa kwanza kuanguka.

Usiku mgumu kuliko yote ni wa Jumapili. Watu wametoka kanisani wamesikia walichosikia, wamekula na familia, shangazi ameuliza utaoa lini. Ijumaa kikundi ni vichekesho na watu kuombana maoni juu ya viatu. Jumapili kuanzia saa tatu nakaa naangalia yale maneno "anaandika" yanatokea, yanapotea, yanatokea tena kwa jina lile lile, na ujumbe hauji. Nikiona hivyo simsubiri amalize. Nampigia. Desemba nayo ni Jumapili ya mwezi mzima, kila mtu amerudi kwao mashambani.

Kuingia kwetu ni bure. Kitambulisho hatutaki, uso hatutaki. Ama unadhaminiwa na aliye ndani, ama unaongea kwa simu na wasimamizi wawili, siku mbili tofauti, mazungumzo marefu ya kawaida: umekulia wapi, unafanya kazi gani, nyumbani kukoje. Tapeli hana subira ya kusikiliza habari za ng'ombe wa babu yako.

Halafu WhatsApp yenyewe. Kwenye kikundi cha kawaida kila aliyemo anaiona namba yako. Akiwa na namba, anajifanya anakutumia shilingi kumi, M-Pesa inamletea jina lako kabla pesa hazijatoka, naye anaghairi. Sekunde chache tu na jina lako analo. Kwa hiyo sisi tuko Telegram, na kila anayeingia anaonyeshwa kwanza namna ya kuficha namba ili asionekane na yeyote. Signal nayo tangu 2024 inakuruhusu kutumia jina la kubuni badala ya namba. Laini ya pili ni nzuri pia, mradi usiisajili M-Pesa, na usiruhusu simu ipakie anwani zako zote, ama utashangaa binamu amepata taarifa kwamba "sasa uko Telegram". Ujumbe unaojifuta una faida yake, lakini haumzuii mtu kupiga picha ya kioo.

Kwa hilo la soketi: simu chaji dukani mchana. Zima yale maneno ya ujumbe yanayojitokeza juu ya kioo kikiwa kimefungwa, iwe inaonyesha tu kwamba kuna ujumbe, bila jina wala maneno. Na kikundi kipewe jina la kuchosha. Sisi tulishawahi kuitwa chama cha kuku, picha ya jogoo na kila kitu, mpaka mjomba wa mtu akaomba aunganishwe apate vifaranga.

Neno la mwisho ndilo wengi hawapendi nikilisema. Sisi hatutibu. Tuliwahi kuwa na mwenzetu aliyekuwa akiwagawia watu majina ya vidonge vya usingizi alivyoandikiwa shangazi yake, tukamnyamazisha. Na kikundi chetu cha kwanza hakikuvunjwa na polisi wala wachungaji, kilivunjwa na mapenzi: wawili wakapendana, wakaachana, nusu wakafuata huyu, nusu yule. Siku hizi mgeni hatumiwi ujumbe wa faragha na yeyote ila wasimamizi mpaka azoee. Utaletewa posa baadaye, usijali.

Ukitaka kuhakikisha kikundi chochote cha huku kabla ya kuingia, ulizia kupitia NYARWEK, ule muungano wa mashirika yetu ya Nyanza, Bonde la Ufa na Magharibi, ama GALCK, muungano mwingine wa mashirika yetu, waliopo Nairobi tangu 2006. Zamani ningekwambia panda matatu uje Kisumu uingie kliniki rafiki kwa watu kama sisi, upate chai na mtu wa rika lako wa kukusikiliza. Lakini Marekani iliposimamisha fedha za misaada Januari 2025, vituo vingi vya namna hiyo nchini vilifungwa au vikabaki na watu wachache, na waliokuwa wakihudumiwa pale wamehamia kwenye simu zetu. Mzigo umekuwa mzito kuliko mabega, lakini tupo.

Mwanafunzi_Maseno:

Naongezea tu. Kuna TrevorSpace, ukumbi wa mtandaoni wa vijana kama sisi, wa lile shirika la Marekani, Trevor Project. Ni ya umri wa miaka 13 hadi 24, kwa hiyo bado unaingia, na hutumii jina lako. Nilikaa huko sana mwaka wa kwanza chuoni. Ni watu wazuri, ila mambo yetu hawayajui. Niliwaeleza kwamba naogopa matanga ya babu kwa sababu wajomba wote watakuwepo, wakaniambia "si usiende tu". Usiende matanga ya babu yako! Na laini zao za simu za dharura si za Kenya, kwa hiyo usizitegemee usiku.

Mama_wa_Webuye:

Nimesoma yote nikasita kuandika. Mimi ni mtu wa kanisa na jambo hili sikubaliani nalo, sitawadanganya. Lakini nina mtoto. Alijifungia chumbani mpaka nikawa namwekea sahani mlangoni na kuikuta vile vile. Aliyemtoa ni mtu aliyekuwa akimpigia kila jioni. Nikadhani ni mchumba, nikafurahi. Nilipokuja kujua ni watu wa kikundi kama hiki chenu nilikasirika sana. Kisha nikamsikia jikoni anajipakulia ugali. Nikanyamaza, na mpaka leo nimenyamaza, hayo mengine nimemwachia Mungu.

Mwanangu wa Mumias, kula.

Mshauri_Nakuru:

Mimi ni mshauri nasaha hapa Nakuru, na wateja wangu wengi sasa ni wa simu. Nitaanza na polisi maana hofu hiyo inawazuia wengi.

Kifungu cha 162 cha Kanuni ya Adhabu, kinachotumika dhidi ya ngono ya wanaume kwa wanaume, kipo, adhabu yake inafika miaka 14, na Mahakama Kuu ilikataa kukifuta tarehe 24 Mei 2019. Lakini kinahusu kitendo. Kuwa ulivyo si kosa, wala kumwambia mshauri kwamba umeachwa na mwanaume na hulali. Siri yako mshauri anapaswa kuilinda kitaaluma, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inaweka habari za afya yako na za mwelekeo wako wa kimapenzi katika kundi la data nyeti. Mahali anapoweza kuivunja siri ni pale maisha yako au ya mtu mwingine yako hatarini, na mshauri mzuri hukueleza hilo dakika za kwanza, kabla hujafungua mdomo. Wengine waliogopa kutaja mawazo ya kujiua kwa sababu kujaribu kujiua kulikuwa kosa chini ya kifungu cha 226. Januari 2025 Mahakama Kuu ilisema kifungu hicho kinakwenda kinyume na Katiba. Kwa hiyo hilo nalo liseme.

Huyo aliyekuomba mchungaji hakufanya kazi yake. Shirika la Afya Duniani liliondoa mapenzi ya jinsia moja kwenye orodha ya magonjwa tarehe 17 Mei 1990. Anayekuahidi kukubadilisha anakuuzia dawa ya ugonjwa usiokuwepo. Ukipata mshauri mpya, muulize kama amesajiliwa na bodi iliyoundwa na Sheria ya Washauri na Wanasaikolojia ya 2014, kisha muulize moja kwa moja: umewahi kuhudumia watu kama mimi, na unaona hali yangu ni ya kubadilishwa? Sikiliza atakachofanya kabla ya kujibu. Akianza "tutaona Mungu atatenda nini", shukuru ukate simu. Uliza kabla ya kulipa.

Kwamba simu inasaidia, ndiyo, inasaidia. Tatizo kubwa ni pa kukaa. Nina mteja anayeongea nami akiwa amekaa juu ya pikipiki iliyozimwa kando ya barabara, kofia ya chuma kichwani, akijifanya anasubiri abiria. Mwingine hutembea kwenda mtoni na kurudi. Tunakubaliana na kila mmoja neno la kusema mtu akitokea. Wewe uko duka la mbegu, sema "mbolea imepanda bei", nami nitaanza kuuliza ya kukuzia na ya kupandia mpaka mtu apite. Video sitaki, sauti inatosha, na haili bando kama video.

Kukatika usingizi saa nane, kula bila hamu, kukosea hesabu ulizozizoea, na hayo yote kwa miezi: hiyo inafanana na sonona, yaani depression, na inatibika. Usisubiri kikundi wala mimi. Nenda kwa daktari au afisa wa kliniki umwambie dalili hizo tatu. Akiuliza sababu, "niliachwa na mpenzi wangu" ni ukweli mtupu na inamtosha kuandika matibabu. Jinsia ya mpenzi si kipimo cha damu.

Usiku ukikuzidi kabla hujapata mtu, 1199 ni laini ya bure ya Msalaba Mwekundu; mchana kuna pia Befrienders Kenya, 0722 178 177. Jina si lazima.

Na yule wa Facebook akianza vitisho, usilipe wala usifute mazungumzo. Hifadhi kila kitu, kisha tafuta mawakili wa NGLHRC, shirika la kutetea haki za watu kama sisi. Wanatoa msaada wa kisheria kwa mambo kama haya. Ndio wale ambao Mahakama ya Juu iliamua tarehe 24 Februari 2023 kwamba kukataa kuwasajili kulikuwa ubaguzi.

Kijana_wa_Miwa:

Asanteni sana, nimesoma nikiwa stoo kati ya magunia. Picha nimefuta, na kule kwa zilizofutwa pia.

Nilimuuliza yule mtu swali la dada: saa nane usiku nani yuko zamu? Akajibu, "Lipa kwanza utaona." Nikamwambia basi nipe hata jina la huyo daktari wa akili. Akanitumia sauti ya matusi, Kiluhya safi kabisa cha huku kwetu, hata Kisumu hayuko. Inawezekana ananunua dawa kwangu. Nimemzuia.

1199 nimepiga mchana. Sikusema yote. Nilisema nimeachwa, yule mama akauliza "na umekuwa ukibeba hilo na nani?" nikashindwa kujibu, nikabaki kupumua tu kwenye simu, na hakukata.

Mama wa Webuye, leo nimekula maharagwe na chapati mbili. Dada wa Manyatta, naombaje kuingia bila kuandika namba hapa?

Nyar_Manyatta:

Angalia ujumbe wako wa ndani, nimekuandikia. Namba usinipe hata mimi. Fungua Telegram, ficha namba kwanza, halafu nitumie jina la kubuni ulilochagua. Lisiwe na Mumias wala miwa ndani, tafadhali, na hilo ulilo nalo hapa pia badilisha ukipata nafasi, kwa vile huyo wa matusi ni wa huko.

Simu ya kwanza itakuwa nami, ya pili na mwenzangu wa Kakamega. Huyo anaongea sana na anacheka kabla ya kumaliza kichekesho, mvumilie. Chagua saa ambayo duka halina watu.